Pirola ya Reli ya Zamani

Jumatatu, 3 Machi
Nimefua. Nimepika wali wa mtu mmoja, nikala nimesimama dirishani. Elibariki hakupiga. Kampuni yake ilituleta Brussels mume na mke, halafu ikampeleka yeye Gabon, kazi ya bandari. Mimi nimebakiwa na fleti ya Anderlecht na lifti inayonuka sigara. Leo sijaongea na mtu, ukiacha "merci" ya dukani.

Alasiri nilitembea kwenye reli ya zamani nyuma ya maghala. Treni hazipiti tena. Vichaka tu, na miti yenye gome jeupe. Chini yake nimeona majani ya mviringo, magumu, yanang'aa kama ngozi iliyopakwa mafuta. Kila kitu kimekaushwa na baridi, haya ni kijani. Nilifundisha baiolojia Njombe. Jicho halijasahau.

Jumatano, 5 Machi
Nimesoma hadi macho yanauma. Ni pirola. Mmea wa misitu ya kaskazini na nyanda za barafu, hukaa kijani hata chini ya theluji. Lakini pirola ipi? Ziko za aina kadhaa na majani yanafanana mno. Lazima nione ua. Ua ni Juni.
Kiswahili hakina jina lake. Ningekuwa darasani ningewaambia wanafunzi walitunge.

Jumamosi, 12 Aprili
Nimekwenda tena. Leo kuna uzio. Kwenye bango magorofa mapya, na watu wa kuchorwa wanacheka kwenye roshani. Nilikasirika kana kwamba wanajenga sebuleni kwangu.
Elibariki amepiga. Mkataba umeongezwa hadi Desemba. Nimemwambia sawa.
Si sawa.

Jumanne, 20 Mei
Mlinzi wa getini ni mtu wa Bukavu, Kongo, Papa Dieudonné. Nilimsikia akiongea kwenye simu, nikamsalimu kwa Kiswahili. Uso ukamfunguka. "Maman, huku banakataza bantu kuingia." Nikasema najua watu hawaruhusiwi, nataka kuona mmea tu. Akacheka, kisha akaona mimi sicheki. "Bon. Ingia, lakini usikawiye."
Kikonyo kimechomoza katikati ya majani. Vitumba kama shanga. Nimelia. Upuuzi mtupu.

Alhamisi, 19 Juni
Limechanua!
Maua meupe, yote yameinama. Nililala kifudifudi juu ya kokoto niyatazame kwa chini. Siri iko kwenye kijiti cha katikati ya ua. Pirola ndogo kijiti chake ni kifupi, kimenyooka, kimejificha ndani. Hiki ni kirefu, kimetoka nje, kimepinda kama mkonga wa tembo. Basi ni pirola ya majani ya mviringo. Nimeitambua mwenyewe.
Papa Dieudonné alikuja akainama. "Njo haka kalikuliza?"
Ndiyo, papa. Haka haka kaliniliza.
Akasema mashine zinaingia mwisho wa mwezi.

Jumatatu, 23 Juni
Nimepigia simu chama cha wapenda mimea. Kifaransa changu kibovu. Mchana akaja Greta, bibi mwenye fimbo na kioo cha kukuzia shingoni. Alitazama muda mrefu. Amekubaliana nami, neno kwa neno.
Nikamwambia basi niing'oe, niiweke kwenye chungu nyumbani. Akatikisa kichwa. Mizizi yake inalishwa na kuvu wa udongo huu. Ukiihamisha, hufa polepole, hata uitunze vipi. Atawaandikia manispaa. Ameniambia nisitumaini sana.

Jumatano, 25 Juni
Nimekwenda na koleo dogo ndani ya mfuko. Papa Dieudonné aliliona, akageukia barabarani makusudi.
Nilipiga magoti. Koleo liligusa udongo. Nikawaza: itakufa kwangu, mbele ya macho yangu, taratibu, na nitakuwa mimi niliyeileta.
Sikuchimba. Nilikaa nayo hadi miguu ikafa ganzi.

Jumatatu, 30 Juni
Mashine zimeingia asubuhi. Manispaa haikujibu. Miti imelala, udongo umegeuzwa mwekundu. Papa Dieudonné alivua kofia. "Pole, maman." Kwa sauti ya msibani. Nimeipokea hivyo hivyo.
Nimelala mchana kutwa.

Jumapili, 6 Julai
Elibariki amepiga, akauliza habari za huku. Kila mara nasema nzuri. Leo nimesema kuna jambo sijawahi kukuambia. Nikaanza na majani, namna yalivyokuwa kijani Machi. Nikaja kwenye uzio, kwenye kitumba cha kwanza. Nilifunga macho ili nisikosee. Nilipomuuliza kama ananisikia, kimya. Simu ilikuwa imekatika, sijui tangu lini.
Nilimalizia hata hivyo. Kwa sauti, hadi mwisho.
Kisha nikaosha kikombe.