Baba Yangu Hakuwa Mwenyekiti wa Kina Mama

Mpendwa mshauri Mama Nyabate,

Naomba msaada, tena wa haraka, kwa sababu baba yangu, Mzee Mathew arap Maritim, tunamzika Ijumaa hapa nyumbani karibu na Kiptere, na mimi Kipkurui ndiye nimepewa kazi ya kuandika historia yake na kuisoma mbele ya watu, na sababu ya kupewa ni kwamba niko na duka la kompyuta sokoni, na kwa miaka kumi na miwili hakuna mtu amezikwa eneo hili bila historia yake kupita mikononi mwangu, na nitakwambia siri ambayo wateja hawajui (jina la duka usilitaje): historia ni moja. Nabadilisha jina, picha na idadi ya wajukuu. Yaliyobaki ni yale yale, marehemu alikuwa mpole, mchapa kazi, alipenda kanisa na hakuwahi kugombana na mtu. Hata yule aliyefariki akiwa na kesi tatu za mpaka wa shamba kortini nilimwandikia hivyo, na aliyemshtaki akasema amina.

Sasa zamu ya baba imefika, nikaweka jina lake, picha yake, wajukuu kumi na tisa, dakika kumi nikawa nimemaliza, nikampa binti yangu Chepchirchir, aliye kidato cha tatu, akague makosa. Akasoma, akaniangalia vile watu huangalia mlevi.

"Baba, tangu lini kugo akawa mwenyekiti wa kina mama?"

Kugo kwa lugha yetu ni babu. Kumbe nilikuwa nimetumia ya mama mmoja tuliyemzika mwezi uliopita, na hiyo sentensi ikanipita. Nikaifuta mbio.

"Hata ukifuta, huyu si kugo," akasema. "Mimi sitasoma salamu za wajukuu baada ya historia ya huyu mtu. Simjui."

Mama Nyabate, mtoto ana haki. Baba hakuwa mpole. Alichuma chai miaka arobaini na hiyo miaka yote aligombana na karani wa kupima majani, kwa sababu baba alikuwa anarushia majani ya chini ya kikapu maji kidogo ili uzito uongezeke, na karani alijua, na baba alijua kwamba karani anajua, na karani alipostaafu baba alikosa hamu ya kula wiki nzima. Aliokoka mara saba, nimehesabu, kila wakati mkutano wa injili ukija na wageni, kwa sababu waliookoka walikula meza moja na mhubiri, na mhubiri hapewi sukuma wiki. Daktari alipomkataza sukari akawa anaificha ndani ya gambuti, zile buti zake za mpira. Wajukuu aliwaibia kwenye mchezo wa drafti, na wakilia anawaambia wakue haraka.

Lakini ni huyo huyo, Chepchirchir alipovunjika mguu akiwa darasa la pili, alimbeba mgongoni ndani ya kikapu cha chai mpaka shuleni, muhula mzima, kilomita tatu, halafu anarudi kuchuma. Siku moja karani alikutana naye njiani akamwambia, "Mzee, hiyo mzigo nitakataa, imekomaa sana." Baba akamjibu, "Angalia vizuri, hii ni majani mawili na chipukizi, vile mnavyotaka. Na leo hakuna maji."

Nikaandika hayo yote. Ndugu yangu mkubwa Johana, ambaye ni mzee wa kanisa, akasoma mpaka kwa gambuti akasimama.

"Kipkurui, unazika baba ama unamshtaki?"

"Si ndivyo alivyokuwa?"

"Askofu anakuja! Andika aliokoka. Mara moja. Ukisoma hizo saba nitazima maikrofoni na huu mkono wangu."

Hapo akaingilia Mokaya, jirani yetu, aliyetoka Kisii kuja kuchuma chai akakaa, na aliyecheza drafti na baba kila Jumapili. "Sawa, Johana. Lakini mkisema hakugombana na mtu, mimi nasimama nauliza mnazika nani. Nijue kama nimekosea boma."

Tangu hapo Johana hamsemeshi. Dada zangu wamegawanyika. Chepchirchir amenuna. Mama amekaa tu na wageni. Nikisoma ya Johana, nampoteza binti yangu na nitakuwa nimemzika mtu mwingine, nikisoma yangu, nampoteza ndugu. Na kuna jambo sijamwambia mtu: naogopa kwamba mtoto asingeuliza, ningeisoma ile ya mwenyekiti mpaka mwisho na nisione tofauti. Nifanye nini?

Kipkurui, Kiptere

Mama Nyabate anajibu:

Kipkurui, pole sana kwa msiba. Pole za leo zinaishia hapo.

Miaka kumi na miwili unazika watu na karatasi moja? Kuna wajane wameiweka kwa fremu ukutani! Jina la duka nimelificha ulivyoomba, lakini wateja wako pia husoma gazeti, jitayarishe.

Hiyo hofu yako iache. Mtu anayekumbuka sukari ya ndani ya gambuti hajamsahau baba yake. Wewe ulikuwa mvivu tu, na uvivu una dawa.

Johana usimchukie. Fikiria kidogo: baba yenu alipokuwa akienda mbele kuokoka mara ya nne, ya tano, ya sita, mtoto wake wa kwanza alikuwa wapi? Alikuwa kwenye benchi, watu wakimgeukia na kucheka. Wewe unaona kichekesho, yeye anaona lile benchi.

Lakini nimesoma barua yako mara mbili nikimtafuta mtu mmoja. Johana yumo, binti yumo, jirani yumo, hata Askofu ambaye hajafika yumo. Mama yako umempa sentensi moja, eti amekaa tu na wageni. Nani alikuwa anaosha hizo gambuti? Nani alipika wiki nzima kwa mtu anayeomboleza karani? Mnavutana juu ya mume wa mtu, na mwenyewe yuko hapo nje, hamjamuuliza kitu!

Kesho asubuhi funga duka. Mchukue Johana, mwende kwa mama, mwambie, "Mama, tuambie alikuwa nani," halafu mfunge midomo. Akitaka mara saba zisomwe, zitasomwa saba, na Johana atavumilia. Akitaka iwe moja, itakuwa moja, na wewe na binti yako mtavumilia, kwa sababu mjane ana ruhusa ya kumfichia mumewe jambo. Kisa cha kikapu kisiguswe na mtu. Hicho Chepchirchir akisome mwenyewe. Mokaya apewe dakika tatu, kwa saa. Askofu mwonye mapema. Amezika wapole watupu mwaka mzima, huenda akashukuru.

Na usiende kwa mama na kompyuta. Beba daftari na kalamu mbili. Wageni Chepchirchir atawapa chai, wangoje, kwa sababu mwanamke aliyenyamaza siku zote hizo akianza kusema, kalamu moja haitatosha.