Kilichoota Chini ya Fundo

Kambi ya Vibarua,
Chumba cha Nne.
Jumapili, 14 Desemba.

Mdogo wangu mpendwa,

Kwanza salamu. Mimi sijambo, ila mgongo tu, na mgongo wa mbeba saruji umeshazoea kulalamika bila kusikilizwa. Mama anaendeleaje na macho yake? Shemeji na watoto hawajambo?

Mzigo wako dereva aliuleta Alhamisi. Maembe sita, umeyafunga kwa magazeti, hata moja halikupondeka. Kwa hilo ahsante. Kwa yaliyokuwa ndani ya maganda sina ahsante, nisikufiche.

Miaka sita nimewasimulia hawa ninaolala nao chumba kimoja habari za embe la mama: dogo, la mviringo, halina nyuzi, unalila kwa kijiko. Basi nikawakusanya, nikatoa kijiko. Kijiko kikagoma. Fundi wa jukwaa la ujenzi, tunayemwita Babu Msumari, alichokonoa meno mpaka saa ya kazi, kisha akaniuliza kwa upole, "Hili embe ni la mama yako, au la mama mkwe?" Wanacheka mpaka leo.

Nikairudia ile picha uliyonitumia. Mwembe mkubwa kweli, na pikipiki yako imepata kivuli. Lakini tazama chini, usawa wa goti. Pale kwenye fundo, nilipofunga kijiti cha mwembe wa mama juu ya mche mwingine, ndipo mti wa mama unapoanzia. Chini ya fundo ni mti wa kokwa la kuokota. Kabla sijaondoka, na kwa simu tena, nilikwambia kila kinachochipua chini yake ukivunje kwa kidole. Wewe ukaona chipukizi limenenepa, ukalionea huruma. Ukamlisha mgeni, mwenye nyumba akalala njaa.

Nisingekasirika hivi kama ule mwembe wa mama wenyewe ungekuwepo. Tuliukata tupate nafasi ya chumba chako ulipooa, na kijiti kile ndicho kilichobaki. Unaandika kwamba mama alikula akasema limeiva. Ndugu yangu, mama akisifu embe kwa kuiva, ujue amekosa la kusifu.

Mipapai na mistafeli umeitunza vizuri, sikunyimi haki yako. Na mimi nina kosa. Ile simu nilipiga nikiwa na ndoo begani, nikadhani umeelewa kwa kuwa uliitikia "ndiyo kaka" mara tatu.

Sasa sikia. Kwenye picha, upande wa ukutani, juu ya fundo, naona kitawi chembamba chenye majani machache. Usishike panga kwanza. Chuma jani moja la kitawi hicho, lifikiche, umpe mama anuse bila kumwambia limetoka wapi. Akiutaja mwembe wake, kata lile shina nene lililoota chini ya fundo, lote, hata kama pikipiki italala juani. Asipoutaja, liache lizae nyuzi zake, nami sitalizungumza tena. Ila niandikie maneno yake yalivyo, usiyapambe.

Nisalimie shemeji, shangazi wa ng'ambo ya barabara, na yule mwanao wa mwisho asiyekaa chini. Mungu awalinde nyote, na kitawi hicho akihurumie.

Ni mimi kaka yako, akupendaye hata akikugombeza.