Filimbi Mbili za Kule Konani

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Miguu inasemaje na baridi ya Uyole? Na Mama, kikohozi kimempungua? Mimi mwili mzima, kazi ya kumhudumia Mzee Otto inaendelea. Huku Ujerumani ni theluji tu ndiyo imenichosha.

Huyu mzee, usicheke, ana reli ya kuchezea iliyojaza chumba kizima cha chini: milima ya plasta, stesheni, injini ndogo kama gunzi. Majuzi akasema treni za kuzunguka tu zimemchosha, anataka na matengenezo ya njia, kama ya kweli. Kimbelembele changu kikanifanya niseme kwamba nilifanya kazi hiyo kwenye genge lako la mafundi wa reli. Basi nikawa fundi. Tukafunga njia moja, tukachomoa mataruma manne chini ya reli, tukamwaga kokoto mpya, treni za njia ya pili zikapangiwa kupita polepole. Tukasimamisha watu watano wa plastiki wenye sururu, na nyapara wao.

"Na huyu wa bendera nyekundu anakaa wapi?" akauliza.

Nikamweka mbali, nyuma ya kona, asimamishe treni kabla haijalifikia genge, pale nilipopaswa kuwa mimi.

Tangu siku hiyo, kila treni ikipita, mtu mmoja wa genge anaanguka. Ni yuleyule, mwenye kofia ya bluu kama ya Lusajo wetu. Mzee Otto anasema ni meza inatikisika. Nimemgandisha kwa gundi mara tatu. Nikishuka asubuhi namkuta amelala juu ya reli, najikuta namwita jina. Naogopa kile chumba, Baba.

Sasa nisikilize. Siku treni ilipomuua mdogo wangu Lusajo, nilisema mbele ya wakubwa wa reli kwamba nilisikia filimbi mbili, ishara yako ya kumwita mwenye bendera arudi. Ukanitazama sana. Ukasema, "Kama mwanangu amesikia, basi nitakuwa nimepuliza." Ukaivua filimbi shingoni. Tangu hapo hujaigusa meza ya Bwana. Kila Jumapili ya ushirika wenzako wanainuka, wewe unabaki kwenye benchi.

Hukupuliza. Kulikuwa na ukungu na baridi kali. Nikaichomeka bendera kwenye kokoto, nikashuka shambani kuota moto kwa wale kina mama waliokuwa wakichoma viazi. Dereva hakuiona. Treni iliponipita nilikuwa na kiazi mkononi.

Dada Neema akija kutoka kwa mumewe kule Kalenga, akusomee barua hii kwa sauti, Mama awepo. Nisalimie mjomba, mzee wetu wa kanisa. Na shemeji, mke wa marehemu, mpe salamu zangu akishasikia yote, kama atazipokea.

Jumapili ya ushirika, Baba, inuka uende mezani. Benchi lile ni langu. Nimeshaomba ruhusa, nakuja kulikalia.

Mwanao,
Ambokile