Vaa Miwani, Baba

Tororo,
9 Februari 2025

Mwanangu Amongin,

Yoga noi, salamu nyingi kwa Kiteso chetu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mguu wako uliokuwa unakusumbua umepoa. Sisi huku hatujambo, ila kifua kinanikohoza asubuhi, na macho yangu ndiyo hayo unayoyajua. Kakako Paddy anakusalimu. Barua hii anakuletea Maximilla wa mitumba, maana tangu Desemba simu zangu hupokei. Sikulaumu. Nasema tu kwamba hupokei.

Najua kilichokuudhi. Karakana nimempa Paddy, nawe ulitaka iwe yako. Hayo tuliyaongea, ukaondoka na mkoba wako wa bisibisi, chai ukaiacha mezani. Leo sikuandikii kwa hayo.

Nakuandikia kwa kazi. Paddy ameanza biashara mpya hapa. Watu wanaocheza gemu za mtandaoni wanamwachia wahusika wao awachezee wakati wao wako kazini. Anafungua gemu ileile mara nne, mara tano, kwenye kompyuta moja, kila dirisha na mteja wake. Akifungua la tatu, mambo mazuri. Akifungua la nne, kompyuta inaguna, picha zinaganda, na wateja wanauawa humo ndani wamesimama tu. Juzi alipiga meza mpaka mkono wa kikombe changu ukakatika.

Wewe unaijua kazi hii. Niandikie hatua kwa hatua, kama unamwandikia mtu asiyejua kitu, na kwa herufi kubwa. Mama yenu, Mungu amrehemu, alitutaka tuongee Kiswahili mezani ili Wasamia wa kwao na Wateso wa kwangu tuelewane. Angefurahi kuona mnasaidiana.

Ni mimi baba yako,
Odeke


Busia, Kenya,
14 Februari 2025

Baba,

Nakusalimu kwa heshima. Pole kwa kifua. Acha kulala karibu na dirisha la karakana. Mguu wangu ulipona hata kabla sijaondoka, lakini asante kwa kuuliza.

Nilijiapiza kwamba sitaandika. Naandika kwa sababu ni kompyuta, nayo haijanikosea.

Kwanza, hakikisha wenye gemu wanaruhusu mtu mmoja kufungua zaidi ya mara moja. Wengine hufunga akaunti bila kuuliza.

Halafu memori. Kompyuta ile nimeifungua mara nyingi kuliko Paddy alivyofungua kitabu. Ina giga nane, hazitoshi. Kwenye droo ya chini, ndani ya kopo la maziwa ya unga, kuna vipande viwili pacha, kila kimoja giga nane. Niliviweka mimi. Toa cha zamani, weka hivyo viwili. Kila kipande kina pengo upande mmoja; kipande kikikataa kukaa, usilazimishe. Vaa miwani, baba. Usije ukakigeuza kama ulivyogeuza kile cha mwalimu Justine, nyumba nzima ikanuka moshi.

Gemu ihamishiwe kwenye diski mpya, ile isiyo na sahani ya kuzunguka ndani.

Sasa hapa ndipo Paddy anapokosea, najua hata bila kumwona. Kila dirisha amelipatia picha nzuri. Picha zishushwe mpaka chini kabisa, vivuli vizimwe, sauti ibaki kwenye dirisha moja. Dirisha analolitazama lipewe picha thelathini kwa sekunde. Yaliyo nyuma yapewe kumi, yanatosha. Unakumbuka mama alivyopika Krismasi kwa moto mmoja? Sufuria ya mbele ndiyo iliyopata kuni. Nyingine zilisogezwa pembeni zisipoe tu, na wewe, baba, umekaa kwenye kigoda ukingojea ini. Ni hivyohivyo.

Prosesa ina vichwa sita. Kimoja aiachie kompyuta yenyewe, vingine ayagawie madirisha. Ayafungue moja moja, la kwanza litulie ndipo la pili. Intaneti iingie kwa waya. Feni ipanguswe kwa brashi ya rangi kila Jumamosi, na mwenye kuipangusa azime umeme kwanza.

Nimemaliza ya kwenu. Sasa langu. Hapa Busia kuna Bwana Osborn anayefungua ukumbi wa gemu wenye kompyuta ishirini, na anatafuta fundi mkuu. Nimeomba. Kila mwombaji ataandika namna ya kuifanya kompyuta moja ibebe madirisha mengi bila kuganda; hilo silihofii. Shida ni kwamba mimi ni wa ng'ambo, hanijui, na anataka mzazi aje atie sahihi kunidhamini. Mwisho ni Ijumaa tarehe 14 Machi. Kwa sasa natengeneza simu kwenye kona ya duka la Becky la vitabu, na meza yenyewe si yangu. Akija mtu wa kupiga chapa, mimi nasimama.

Njoo, baba. Sijakuomba kitu tangu Desemba, na hata Desemba niliomba mara moja tu.

Mwanao,
Amongin


Tororo,
26 Februari 2025

Mwanangu Amongin,

Yoga noi, na shukrani nyingi. Hujambo? Kifua kimepungua kidogo.

Tulifanya kama ulivyosema. Kopo nililiona, vipande nikaviweka mwenyewe, miwani nimevaa. Madirisha sita sasa yanakwenda kama maji. Paddy alikaa akayatazama, akasema, "Mzee, hii kitu ya sista iko sawa kabisa. Sikujua iko rahisi hivi." Watu wamekuja mpaka kutoka Mwello kuona. Nimefurahi, sitaficha.

Lile la sahihi nimelisoma. Mvua ni nyingi na mgongo haupendi gari, lakini nitaona. Usihangaike.

Jambo moja dogo. Kama mtu anataka madirisha manane, afanye nini? Paddy anauliza.

Ni mimi baba yako,
Odeke


Busia, Kenya,
3 Machi 2025

Baba,

Nakusalimu. Nimefurahi umevaa miwani.

Manane yanawezekana kama memori ni giga thelathini na mbili. Kwa kumi na sita mwisho ni saba, na hilo la saba alitazame kwa jicho la huruma. Asijaribu kulazimisha, maana moja likizidi, yote yanaganda.

Kutoka kwenu mpaka hapa ni mwendo wa asubuhi moja. Ukivuka mpaka, ulizia duka la Becky, kila mtu analijua. Nitapika samaki. Usiseme utaona, baba. Sema unakuja.

Tarehe 14, Ijumaa.

Mwanao,
Amongin


Busia, Kenya,
17 Machi 2025

Baba,

Uko salama? Mimi si mzima, kwa hiyo sitasema mzima.

Ijumaa nilikaa dukani tangu asubuhi na samaki wawili kwenye bakuli. Nilimwambia Becky, baba yangu anakuja, akanipa kiti kizuri nikakiweka mlangoni. Ulipokosa kuja nikasema ni mgongo. Nikasema ni mvua. Leo nimekwenda mwenyewe kwa Bwana Osborn kumwomba aniongeze wiki moja.

Alinipa kiti, akasema, "Dada, wewe kazi unaijua, sikatai. Lakini hiyo nafasi imeenda. Kuna jamaa wa Tororo alikuja Ijumaa na mzee wake, mzee akasaini hapo hapo." Kisha akavuta karatasi kwenye faili. "Na ni msee mcheshi sana. Cheki alivyoandika. Ofisi nzima tulicheka."

Ulikuwa mwandiko wa Paddy. Nilisoma kopo la maziwa ya unga. Nilisoma moshi wa mwalimu Justine. Nilisoma, "Vaa miwani, baba." Nilisoma mama yangu na moto wake, na wewe kwenye kigoda ukingojea ini. Hata kuruka mstari hakuweza.

Nilimwambia Osborn hiyo ni barua yangu. Akaniuliza, "Una proof?" Sina. Ushahidi uko kwako, kwenye mfuko wa koti lako. Akasema basi mzee wangu aje athibitishe. Nilicheka, na sikuwa nimetaka kucheka.

Ukumbi uko hatua mia nne kutoka dukani kwa Becky. Nimezihesabu nikirudi. Ulivuka mpaka, ukatia sahihi, ukapita njia ileile, na mimi nimekaa mlangoni na kiti kitupu kando yangu. Mgongo ulikuruhusu kuja kwa ajili ya Paddy. Kwa ajili yangu haukukuruhusu.

Sitaki maelezo. Mwandikie Osborn mstari mmoja tu: barua ile ni ya binti yangu. Maximilla ataupeleka. Fanya hilo na mengine yote nitayanyamazia, karakana pamoja nayo.

Nimeumia, baba. Nimeumia sana.

Mwanao,
Amongin


Tororo,
30 Machi 2025

Mwanangu Amongin,

Yoga. Barua yako nimeisoma mara tatu. Siku mbili sikuenda karakanani.

Sitakudanganya, umri wangu hauniruhusu. Paddy hawezi kusoma mwandiko wako, kwa hiyo nilimsomea mimi, yeye akaandika. Lile la miwani nililisoma kwa sauti nalo, na la mama yako, na la ini. Ningeweza kuyaruka. Sikuwaza. Tangu mama yako alale, hakuna mtu anayeniambia nivae miwani, na masikio yangu yalifurahi kuyasikia. Hiyo ndiyo sababu, wala si nyingine.

Kwamba nilipita karibu nawe, ni kweli. Nilikuona kwa mbali. Wewe ulikwenda mpaka kwa Osborn bila kuona haya. Mimi niliona haya kuja kwako.

Lakini ule mstari siwezi kuuandika. Nikiuandika, Paddy atafukuzwa na kuitwa mwizi mbele ya watu wa nchi mbili. Wewe una mikono, Amongin. Popote utakapotua utakula. Paddy hana kitu ila jina langu, ndiyo maana nilimpa jina na karakana na sahihi. Na yeye ni mwanamume, atasimamisha nyumba hii. Wewe kesho utaolewa, ufundi wako utakuwa wa ukoo mwingine. Paddy alisema mwenyewe, "Si ni mambo ya familia hii? Sista ataelewa."

Naomba uelewe.

Ni mimi baba yako,
Odeke


Tororo,
27 Aprili 2025

Mwanangu Amongin,

Yoga noi. Maximilla anasema barua alikupa mkononi. Pasaka imepita. Kifua kimerudi.

Niandikie hata neno moja.

Baba yako,
Odeke


Busia, Kenya,
12 Juni 2025

Mwanangu Amongin,

Yoga noi. Ukiona juu ya barua, utaona siko Tororo. Niko huku kwako, siku ya tisa leo, nyuma ya ukumbi wa Osborn.

Kompyuta za hapa, zenye giga kumi na sita kila moja, zimeanza kuganda nazo. Nyingine dirisha la tano, nyingine la sita. Osborn amewaahidi wateja madirisha manane kila kompyuta, Paddy alikubali akasema ni jambo rahisi. Yalipomshinda alisema ni intaneti, halafu umeme, halafu akasema anakwenda Sop Sop kwa wakwe zake siku mbili. Ni wiki ya tatu hii. Osborn alinipigia, "Mzee, wewe ndiye ulisaini. Kuja ukae hapa." Nimekuja. Nakaa mbele ya kompyuta kutwa nzima na miaka yangu sabini na moja. Sioni dirisha gani ni la nani. Watoto wa watu wananiita babu gemu.

Jana nilimwambia Osborn ukweli: barua ile ni ya binti yangu Amongin. Hakuinua kichwa. Alisema, "Mzee, sasa hiyo itanisaidia nini leo?"

Nilipita dukani kwa Becky Jumatatu. Ulikuwa umeinama, kichwa chote ndani ya kompyuta, brashi mdomoni, vilevile kama ulipokuwa na miaka kumi na mimi nikikushikia taa. Meza ni mpya. Kibao nimekiona: Amongin, Fundi wa Kompyuta. Jina langu hukuliweka. Nilisimama ng'ambo ya barabara, nikarudi.

Barua yako ya kwanza sinayo, Paddy aliichukua. Niandikie tena nifanye nini, hasa hilo la nane. Andika kama ile ya kwanza, mwanangu. Usiache kitu.

Baba yako,
Odeke


Busia, Kenya,
13 Juni 2025

Kwa mdhamini wa ukumbi,

Barua imefika. Majibu ni haya.

Kompyuta hazina ugonjwa. Kuna mtu amepandisha picha ili wateja wazisifu. Zishushwe mpaka chini, vivuli vizimwe, sauti ibaki kwenye dirisha moja.

Dirisha la mbele lipewe picha thelathini kwa sekunde, ya nyuma kumi. Yafunguliwe moja moja, kila moja litulie kwanza.

Dirisha la nane lifungwe kwenye kompyuta zote. Memori iliyomo inabeba saba. Hili lilielezwa Machi.

Feni zipanguswe kila Jumamosi, umeme ukiwa umezimwa.

Umeomba iwe kama ile ya kwanza, kisiachwe kitu. Ya kazi yote yamo. Mengine nimeyatoa, ili atakayeinakili asipate taabu ya kuruka mstari.

Amongin,
fundi