Gauni Lisilo na Mlango

Nyumbani,
Chumba cha uani.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Hujambo? Lile jino limetulia? Na baridi ya huko umeshaizoea au bado unalala na soksi? Sisi huku ni wazima wa mwili, tunashukuru. Paa la jikoni linavuja palepale, na shemeji yako anasema atalipanda kesho, kesho ileile unayoijua.

Utashangaa kuona karatasi wakati simu ninayo. Haya ninayotaka kukwambia sitaki yapitie huko. Cha kwenye simu hakina mwenyewe.

Unakumbuka ile simu uliyomletea Mama? Sitakuwa mtovu wa shukrani, mwanzoni ilimfaa sana. Wateja walimtumia picha za mishono, naye akawatumia picha za nguo zilizokamilika, hata watu wa mitaa ya mbali wakaja wakimuulizia fundi yule. Alifika mahali anakataa kazi. Nilimtania kwamba amekuwa mheshimiwa, karibu tutaomba miadi ndipo tule naye.

Kisha akaja binti wa muuza rangi wa pale kona, na picha ya gauni la sherehe. Lilikuwa zuri, sikatai. Lakini mkono wa kushoto ulizunguka mgongoni ukageuka mkanda, na hapakuwa na zipu wala kifungo wala mahali popote pa kuingilia. Mama aliigeuza simu huku na huku, akamwuliza anayevaa hili anapitia wapi. Binti akasema ashone tu kama ilivyo. Hata yeye hakujua kwamba picha ile ilitungwa na kompyuta, na gauni lenyewe halijawahi kushonwa na mtu.

Unamjua mama yako. Habadilishi mshono wa mteja hata kidogo. Mwenye mwili ndiye mwenye nguo, ndiyo sheria yake tangu hatujazaliwa. Fundi mwingine angechomeka zipu kimyakimya na maisha yakaendelea. Yeye alishona, akafumua, akashona tena, mpaka likafanana na picha. Ubavu mmoja tu aliuacha wazi, aje aufunge kwa mkono binti akishalivaa.

Siku ya kupima, binti alinasa. Mkono mmoja juu, kichwa ndani ya kitambaa, na Mama kapiga magoti, pini mdomoni, anahangaika kumtoa. Rafiki wa binti akarekodi video. Nyuso hazionekani, ni mikono tu ya fundi, na juu yake wameandika "Nilichoagiza, nilicholetewa". Kufika jioni ilikuwa imeenea kila mahali.

Mtaani hakuna aliyehitaji kuona uso. Walilitambua pazia la chumba cha kupimia, lile lililokuwa shuka lako. Wateja wakaja mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao, kila mmoja na safari ya ghafla. Watoto wakawa wanapita dirishani wameinua mkono mmoja kama walionasa. Binti mwenyewe si mbaya. Alikuja na baba yake, akalia, akaifuta video ile mbele yetu. Lakini ilikuwa imeshaingia kwenye simu za watu, na maji yakimwagika hayazoleki.

Hayo Mama aliyastahimili. Kila asubuhi alikaa kwenye cherehani, akaitia mafuta, akasubiri.

Sasa nakuja kwako, na naomba usome mpaka mwisho. Video ile uliileta wewe pia kwenye kundi letu la familia. Uliandika, "Huyu fundi anyang'anywe cherehani kabla hajaua mtu," ukaweka na vile vikatuni vinavyotoa machozi kwa kucheka. Hukujua. Najua hukujua. Lakini mdogo wangu, kidole kile cha Mama kilichopinda, kilichochomwa na sindano akiwahisha sare yako ya kwanza ya shule, ndicho ulichokuwa ukikishika kuvuka barabara. Nimekukasirikia sana.

Mama alivaa miwani akasoma mwenyewe. Akaniuliza, "Hii ni namba yake kweli?" Nikamwambia ndiyo. Akaifunika cherehani, na mpaka leo haijafunuliwa.

Watu wanabishana kama vitu hivi ni neema au balaa. Shemeji yako anasema kisu hakina kosa, kosa ni la mkono. Mimi sijui tena. Zamani aliyetaka kumcheka fundi ilibidi afike mlangoni kwake, na akifika huenda akaona haya. Leo mtoto anamcheka mama yake kutoka ng'ambo, na wote wawili hawana pa kuanzia kusameheana. Ningekuwa na dawa ningekwambia. Sina.

Shemeji yako anakusalimu. Mjomba kinyozi anakusalimu, na wapwa zako wanakuulizia. Mama naye anakusalimu sana. Alinisihi nisikwambie, maana utaumia na huko huna wa kukubembeleza, kwa hiyo ukimpigia usimwombe radhi, atajua nimesema. Mungu akuweke, na akuzungushie watu wema.

Ni mimi dada yako, akupendaye hata akikukasirikia.

Nilitaka kusahau: lile shati la kila mwaka ulilomwomba akushonee, amesema ununue la dukani.