Mutu Mmoja wa Kuruka Naye

Siku ya posho, yaani Jumamosi, jioni. Ni kiangazi, vumbi jeusi limeingia mpaka ndani ya chai. Asubuhi moshi wa volkeno yetu, Nyiragongo, ulikuwa umelala kuelekea magharibi, polepole, na kwetu sisi tunaoruka hiyo ni habari nzuri kuliko ya redio. Magoti yananiuma. Roho inacheka. Ila kwanza niwadharau watu kidogo, ndipo nilale vizuri.

Kwa yule ambaye hajawahi kupita hapa kwenye ukurasa wangu: mimi nauza rangi za nyumba mtaani Majengo, nina tumbo, na mwaka huu nimerudia parapente, lile bawa la kitambaa ambalo mutu anajifunga chini yake kwa kamba na kukimbia mpaka kilima kiishe. Niliruka nikiwa kijana mwembamba. Kisha ndoa, watoto, duka. Niliporudi, mikanda yangu ya zamani ilikataa kufungika, na bibi yangu, mama wa watoto hao, alicheka mpaka akakaa chini.

Brevet, ile karatasi ya ruhusa, ya kuruka peke yangu ninayo tangu zamani. Niliyoitaka sasa ni ile ya kubeba abiria. Mazoezi yote niliyafanya na moniteur, mwalimu wa kuruka, muzee mkimya anayetoka ng'ambo ya mpaka. Ilibaki safari moja tu, na mutu ambaye hajawahi kuruka. Na moniteur anarudi kwao kesho. Atakuja tena lini, hata yeye hajui.

Mutu mmoja. Katika mji mzima wa Goma.

Nilidhani ni kazi ndogo, maana wanaume wa hapa ni mashujaa. Waulize wenyewe. Pale soko la Kituku, kando ya ziwa, mbele ya sahani ya sambaza, vile visamaki vya kukaanga, Maître Floribert, avoka wetu wa mahakamani, alisimama akatangaza kwamba atakuwa wa kwanza, kwamba woga ni wa watoto. Alitangaza hivyo akiwa na mafuta kidevuni. Juma likaanza, akapata kesi. Kesi ikaisha, akapata mafua. Mafua yakapona, simu yake ikafa. Mwingine aliniuliza kama bawa lina motere ya kulisukuma, nikasema hapana, akaniangalia kama vile namuuzia nyama iliyooza. Na ni wanaume hao hao wanaopanda pikipiki moja watu wanne bila taa, wanaoteremka barabara ya Sake juu ya lori, wamelala kwenye magunia ya makaa. Hapo hawaogopi. Wanaogopa tu kitu ambacho mutu amekikagua kwanza.

Wanaume wa sahani ya sambaza.

Jana alijitokeza mmoja, Innocent, kaka ya bibi yangu. Tulipanda hadi malisho ya mama yao kwenye vilima vya Masisi. Ndipo tunapoanzia, kwa sababu huku mjini mawe ya volkeno yanakata kamba kama wembe. Abiria ana kazi moja: kukimbia, na asikae mpaka aambiwe. Moniteur alimwambia. Mimi nilimwambia. Akakubali kwa kichwa. Tukakimbia kidogo, bawa likasimama juu yetu zuri kabisa, na Innocent akakaa. Akakaa kama mutu aliyefika ofisini. Tuliburutwa wote wawili ndani ya mavi ya ng'ombe, yeye chini, mimi juu, na alipoinuka alisema upepo ulikuwa mbaya.

Upepo.

Mama mukwe alikuwa akitazama, ameegemea fimbo yake. Katika familia yetu mimi na yeye hatuangaliani usoni, hatuli pamoja, na maneno yanapitia kwa bibi yangu hata tukiwa tumesimama karibu. Akamwambia binti yake, aliyekuwa amepanda nasi, macho yakiwa kwa ng'ombe: "Ambia bwana yako, hawa wanaume wanatisha ng'ombe zangu bure. Kesho nitaruka mimi."

Nikajibu, kwa njia ile ile, kwamba haiwezekani, abiria anafungwa kifuani pa rubani. Heshima itaenda wapi?

"Muulize nani anakaa mbele."

Nikasema ni abiria.

"Basi ataona kitambaa changu cha kichwa tu. Na mimi sitamwona."

Moniteur, ambaye sijawahi kumwona akicheka, aligeuka akaenda kukunja bawa lililokuwa limekwisha kunjwa.

Asubuhi hii tuliruka. Mama mukwe amefukuza ng'ombe kwenye miteremko ile tangu utoto. Alikimbia mpaka ikawa mimi ndiye ninayevutwa. Ardhi ikaisha, yeye akaendelea. Alikuwa ameagizwa asikae mpaka aambiwe, na mimi kule juu nilisahau kumwambia. Kwa hiyo tulipita juu ya malisho, juu ya migomba, juu ya barabara, miguu yake ikikimbia hewani ndani ya viatu vya plastiki vya kijani. Akagusa chini akiwa bado anakimbia, akaniburuta kwa magoti nyuma yake mpaka alipoamua kusimama. Moniteur akasaini.

Brevet ninayo. Mchana niliipitisha Kituku, nikaiweka katikati ya meza, karibu na sahani. Maître aliisoma pande zote mbili akitafuta kosa la sheria. Nikamwambia abiria wangu alikuwa nani. Akaomba maji.

Ningeishia hapa, nimeshiba dharau, kama bibi yangu hangerudi jioni kutoka kwa mama yake na jibini la Masisi na ujumbe.

"Mama anasema hongera. Tena anasema, ile Baba Yetu uliyokuwa unasali nyuma ya kichwa chake, toka juu mpaka chini, ulikuwa unairudia, na kila mara unaacha mstari wa kuwasamehe waliotukosea."

Nilisali? Mimi nilidhani nilikuwa namwelezea mandhari.

Kumbe huyu rubani anayecheka waoga alitetemeka njia nzima, mgongoni mwa mama muzee anayekimbia hewani. Naye alisikia yote, na heshima ikamzuia kugeuka.

Kesho ni misa. Innocent hukaa benchi moja nasi. Kwa ajili yake ule mstari nadhani utatoka mzima. Lakini Maître Floribert hukaa benchi la mbele, na kidevu chake. Kwake yeye, je, nitausema kweli, au nitachezesha midomo tu?