Kalibu ya Odette

Jumanne, 3 Juni 2025

Odette wangu,

Miezi mitano tangu tukuzike. Leo nimeitoa kalibu yako ya mbao chini ya kitanda, ile ya klostra, matofali ya matundu ya kupitisha hewa. Maua manne, uliyachonga mwenyewe kule Uvira, kabla hatujakimbia. Saruji kavu bado iko kwenye pembe. Sikuikwangua.

Feruzi muuza mabati anasema kampuni ya ng'ambo imefungua ghala Lilongwe. Vigae, rangi, madirisha. Wamesikia Malawi kila mtu anajenga.

"Banatafuta na vitu vya hapa, papa. Tupeleke klostra ya mama Odette!"

Ijumaa, 6 Juni

Nilipata kibali cha kutoka kambini. Siku moja tu. Tukaenda Lilongwe na Feruzi, tumebeba kalibu na tofali moja ulilolifyatua.

Meneja aliliinua tofali lako dirishani. Maua yakaanguka mezani kwake, ya mwanga. Akatabasamu! Akauliza kampuni yangu inaitwaje. Nikatoa kadi ya ukimbizi.

Akaigeuza, akanirudishia.

Feruzi akatafsiri: mkimbizi hawezi kuwa wakala wao, sheria. Wao wamefika Machi, leseni iko ukutani. Mimi nina miaka kumi na minne hapa.

Kisha meneja akaomba kalibu, aitazame wiki moja. Nikampa. Unajua desturi yetu: kalibu hainyimwi. Mtu anaazima, anafyatua, tofali la kwanza anakuletea mlangoni. Hata Cishahayo mlevi alirudisha. Feruzi alinikanyaga mguu. Nilidhani ni bahati mbaya.

Jumatatu, 23 Juni

Hakuna kitu. Simu haipokelewi.

Feruzi ananicheka mbele ya watu. "Papa Akilimali, we unaazima kampuni kalibu? Bale si majirani! Hata karatasi hukuomba!"

Nimekumbuka ulivyolowesha mchanga kwa birika lililovunjika mdomo. Basi.

Alhamisi, 13 Novemba

Kibali kingine, baada ya kuomba mara tano. Niko Lilongwe, peke yangu.

Ghalani kuna rafu nzima ya klostra. Nyeupe, nyepesi kama sahani za plastiki. Zimekuja na kontena. Maua manne. Na lile petali la chini, pale kisu kilipokuponyoka ukajikata kidole ukacheka — wameiga hata hapo! Mamia ya klostra, zote kisu kimeponyoka pale pale.

Kalibu iko kwenye meza ya meneja, mkono tu ungeifikia. Atanirudishia sasa hivi, ila kwanza nisaini karatasi iliyo mbele yake. Nimeisoma polepole, neno kwa neno. Nikitia sahihi, nimekubali kwamba mchoro ni wa kampuni, na kambini hatutaufyatua tena.

"Sainini tu, bambo," katibu wake ameniambia, kwa upole kabisa, kama mtu na baba yake. "Ni mbao tu ile. Mtaenda nayo nyumbani."

Nimeomba nikae nje nifikiri. Naandika hapa kwenye benchi la getini. Kibali kinaisha saa kumi na moja, na basi la Dowa, la kunirudisha kambini, halingoji mtu. Mama mmoja ametoka na maboksi mawili, anamwambia dereva wake: maua haya, watu wa ng'ambo wana akili kweli! Nilifungua mdomo nimtajie jina lako. Gari likaondoka.

Katibu ananiita tena. Ameshika kalamu. Naingia kuchagua: mbao yako, au maua yako.

Odette, huko uliko, unikumbuke.